Mguu wa Makame na Gundi ya Serikali

Vijana wangu wa hospitali, siku ile ya kuniaga mlinipa mwavuli, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mwavuli nimeupokea, ahsanteni. Ya kuandika nimeyafikiri sana. Najua mnataka habari za vidonda vikubwa na za watu waliorudi kutoka mlangoni mwa kaburi, maana ndizo mnazosimuliana jikoni mkisubiri sindano zichemke. Mimi nitawaandikia habari za gundi. Anayetaka kucheka na acheke, ila asome mpaka mwisho. Katika miaka yangu yote ya udresa, ya kufunga watu vidonda, sikuona kitu kilichowatesa watu Pemba hii kimya kimya kama gundi iliyowekwa pasipo pake.

Nilianza kazi Chake Chake ningali kijana, nimetoka Vitongoji kwa miguu, kanzu nimeipiga pasi ya mkaa mpaka inasimama yenyewe. Nilidhani siku ya kwanza nitashika kisu. Nilipewa mkasi butu na robota la kitambaa cha marekani, nikaambiwa nikate bendeji, nikakata mpaka vidole vikafura. Aliyenipa mkasi ule ni Mzee Feruzi, dresa mkuu, mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Wazee wake walitoka bara, naye mwenyewe aliwahi kupelekwa huko wakati wa vita vya kwanza kubeba majeruhi, na huko ndiko alikojifunza kufunga watu. Hakuwa msemaji. Ukikosea alikutazama tu, kisha akaifungua bendeji yako na kukurudishia mkononi ikiwa imekunjwa vizuri, uanze upya.

Plasta za wakati ule zilikuwa mikanda mipana ya kitambaa, imepakwa gundi upande mmoja na kuzungushwa kwenye kigogo cha mbao. Zilitoka Ulaya, zikashuka Unguja, zikapanda meli nyingine mpaka kwetu. Gundi yenyewe ilitengenezwa na watu wa baridi kwa ajili ya watu wa baridi, na ikifika Pemba ilijuta safari. Joto likizidi huyeyuka na kutoka pembeni, mzunguko mmoja ukagandana na mwenzake, ukivuta unapata kitambaa kitupu. Ikikaa mno hukauka ikawa unga. Masika yakiingia huota ukungu. Kwa hiyo plasta ilikuwa na maadui watatu kabla hujamhesabu karani wa stoo, ambaye nitamfikia.

Mzee Feruzi aliziweka plasta zake ndani ya mkebe wa biskuti. Kila moja aliifunga kwa karatasi ya nta na kuisimamisha wima, hata siku moja hakuzirundika, kwa sababu uzito wa ya juu huikamua gundi ya chini. Katikati ya mkebe alitia kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu, unywe unyevunyevu. Mkebe wenyewe ulikaa chini ya ngazi, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa jua, mbali na jiko na mbali na mafuta ya taa. Mchele aliubadilisha kila mwezi, na wa zamani waliula kuku wake, nao walinona vizuri.

Kabla ya kumfunga mtu, alikata kipande cha plasta akakibandika nyuma ya mkono wake wa kushoto. Alizunguka wodi, akarudi, akakibandua kwa ghafla. Kikitoka na nywele, plasta ni nzima. Kikitoka peke yake, alisema, "Hii ni ahadi," akaitia kwenye taka. Mkono ule haukuwa na unywele hata mmoja, na hapo ndipo nilipojiuliza alikuwa akipimaje. Nilipomuuliza alinionyesha mguu wake, ndiko alikohamia.

Mzee Feruzi alipostaafu, Serikali ikatutengenezea mambo. Tulijengewa stoo mpya, nzuri, ya mabati matupu, katikati ya uwanja ambapo hata mti wa kivuli ulikatwa ili stoo ionekane. Adhuhuri ungeweza kuoka mkate mle ndani. Pamoja na stoo tuliletewa karani kutoka Unguja, Bwana Kassim, na pamoja na Bwana Kassim ikaja kufuli yenye ukubwa wa kobe mdogo. Sitaki mseme nimemsengenya. Alikuwa mtu wa sala, mkarimu, hana mkono mrefu. Ubaya wake ni mmoja tu: alipenda utaratibu kuliko kitu ambacho utaratibu umewekewa.

Mkebe wa biskuti ulihamishiwa stoo siku ile ile aliyofika, ukarundikwa juu ya makreti. Mchele ulitolewa, kwa kuwa chakula hakiruhusiwi mahali pa dawa. Haikupita muda nikaenda kuomba plasta.

"Bwana Kassim, naomba plasta mpya."

"Za zamani zimekwisha?"

"Hazijaisha. Zimeharibika."

"Basi zipo."

"Zipo, lakini hazinati."

"Mimi sikuambiwa nitunze kunata, yakhe. Nimeambiwa nitunze plasta. Hizi zikisha, nitafungua sanduku jipya. Nikikufungulia leo, hizi atazimaliza nani?"

Mkiitazama vizuri hoja hiyo, haina mlango wa kutokea. Plasta mbovu haitumiki, isiyotumika haishi, na isipokwisha, mpya haifunguliwi. Mpya nazo zilingoja zamu yao chini ya mabati mpaka zikawa mbovu, zikapata haki ya kuitwa za zamani. Kuzitupa nako kulitaka kibali, na kibali kilitaka kikao cha wakubwa watatu, mmoja wao atoke Unguja, waizunguke plasta waitazame. Kwa hesabu za Bwana Kassim, hospitali yetu haikupata kukosa plasta. Kwa hesabu za wagonjwa, haikupata kuwa nayo. Majeraha madogo tuliyafunga kwa tambara na kumwachia Mungu, na Mungu alitusaidia sana.

Ndipo akaletwa Makame.

Makame alikuwa mchumaji karafuu wa Wawi, kijana mwembamba, na watu walisema mkarafuu akishautoka Makame hata ndege hapati cha kudonoa. Ulikuwa msimu, mvua za vuli zimeshika, matawi yanateleza. Alikuwa akilivuta tawi la mbali kwa upembo, lile alilolikanyaga likakatika. Wenzake walimleta juu ya kitanda cha kamba, paja limevimba na mguu umegeukia nje. Nyuma yao alikuja mama yake, Bi Mize, mjane, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Mtoto wake ndiye huyo mmoja. Makame alikuwa ameuma kona ya shuka asipige kelele. Aliitoa mdomoni akaniuliza, "Dresa, nitapanda tena?"

"Inshallah," nikamwambia.

"Inshallah ya hospitali n'naijua. Nambie kweli."

Nikamwambia kweli. Paja lina nyama zenye nguvu. Mfupa wake ukivunjika, nyama huivuta ncha moja ikapanda juu ya mwenzake. Ukiuacha hivyo utaunga, ndiyo, lakini mguu utakuwa mfupi, na mkwezi mwenye mguu mfupi hapewi mti na mtu. Dawa yake ni kuuvuta mguu siku zote, mchana na usiku, mpaka mfupa ushike. Unabandika mikanda ya plasta pande mbili za mguu, kutoka juu ya kifundo mpaka pajani. Unafunga kamba kwenye mikanda, unaipitisha kwenye kapi miguuni pa kitanda, unaning'iniza mfuko wa mchanga. Upande wa miguu wa kitanda unauinua kwa matofali ili mgonjwa asivutwe akateleza. Kila kitu kinategemea plasta. Ikiteleza plasta, mguu unarudi juu.

"Basi nifunge," akasema Makame. "Nitalala kama maiti."

Daktari wetu, Mngereza mrefu mwenye haraka, aliagiza, nikafunga kwa plasta za zamani, maana ndizo zilizokuwapo. Nilizipasha moto kidogo juu ya taa, nikasoma Bismillahi. Jioni ile ile mfuko wa mchanga ulianguka sakafuni kwa kishindo, na mzee wa kitanda cha pili akatoa shahada. Asubuhi daktari alitaka sanduku jipya. Bwana Kassim akamweleza kwa adabu habari ya za zamani. Daktari akasema maneno ya kwao ambayo sikuyafasiri, akaenda stoo mwenyewe. Kufuli ikafunguliwa, sanduku likafunguliwa. Ndani yake plasta zote zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, zimekuwa gogo moja jeupe, hujui ipi imeanzia wapi.

"Muhuri wake haukuguswa, Bwana," alisema Bwana Kassim, na alisema kwa fahari.

Daktari alikaa kwenye kreti akashika kichwa. Kisha akakumbuka kwamba katika vita, plasta zilipowaishia, waliwabandika askari kwa gundi ya seremala. Akanituma kwa Fundi Salehe, seremala wa Serikali, nikaombe sherisi.

Sherisi nyinyi mnaiona kwenye viti tu. Ni mabamba magumu, rangi ya asali nzito, yametokana na ngozi na mifupa ya wanyama iliyochemshwa. Fundi Salehe aliyaweka mabamba yake ndani ya gunia lililoning'inia juu ya meko ya nyumbani kwake, si karibu yakalainika, si mbali yakapata ukungu, na juu ya kamba alifunga tambara lenye mafuta ya taa kwa ajili ya mende, kwa sababu mende wa Pemba anaipenda sherisi kuliko halua. Nilimkuta anapiga randa.

"Nataka sherisi, fundi. Ya mguu."

"Mguu wa nini? Meza au kiti?"

"Wa Makame."

Aliweka randa chini akanitazama sana. Baadaye alinifundisha, na mimi nawafundisha. Unaivunja vipande, unailoweka maji baridi mpaka ivimbe. Unaipika chungu ndani ya chungu, cha nje kina maji, cha ndani kina sherisi, na usiiache ichemke. Ikichemka imekufa hata kama inanata. Pika ya leo tu. Iliyopikwa juzi huvunda, na anayeitumia kwa kuionea huruma atavundiwa na kazi. Hospitali tuliiongezea gilisirini kidogo ili isikauke ikapasuka juu ya ngozi. Tulimnyoa Makame mguu, tukampaka, tukabandika vitambaa vya pamba, tukafunga bendeji juu yake kutoka wayoni mpaka pajani. Ikashika. Nilivuta kwa mkono, Makame akasogea na kitanda chake.

"Sasa nimekuwa kabati," akasema, akacheka mara ya kwanza.

Tulifurahi siku chache. Kisha sherisi ikaanza kuteleza. Tulifungua, tukakuta imekuwa uji. Tukapaka upya, ikashika, ikateleza tena. Kila ikiteleza nilipima miguu yote miwili kwa futi ya kitambaa, na kila nikipima, mguu mbovu ulikuwa umerudi juu. Makame alikuwa hanitazami mimi nikipima, alitazama uso wangu. Nilijifunza kupima nikiwa nimeinama.

Hapo zikaanza lawama, na hospitali ikipata lawama huwa na bidii isiyo na kifani. Daktari alisema fundi ametoa sherisi ya zamani. Fundi Salehe alikuja na kiti begani, akakiweka mbele ya daktari, akamwomba akae na ayumbe apendavyo. Kisha akasema kosa ni la vitambaa vya hospitali. Mpishi wa hospitali alisema chungu chake cha mchuzi kimenajisika, jambo ambalo halikuhusiana na mguu lakini aliona ndiyo nafasi yake. Bwana Kassim alipita dirishani akasema, bila kumwambia mtu, "Ingekuwa plasta ya stoo, isingeteleza." Niliondoka mahali pale nisije nikatenda nisilopaswa.

Nilikuja kulijua jambo kwa sababu ya jipu. Lilinitoka gotini, sikuweza kwenda msikitini kwa jamaa, nikasali nimekaa kwenye chumba cha dawa. Mnajua hospitali yetu inavyokuwa wakati wa sala. Madresa, mfagizi, mpishi, bawabu, wote msikitini. Daktari asiyesali ndiye angeweza kubaki, lakini saa hizo yeye hunywa chai kwake. Wodi hubaki na wagonjwa na kuta. Nilitoa salamu, nikachechemea wodini kuchukua kitu, nikamkuta Bi Mize kando ya kitanda cha Makame. Ametoa birika chini ya buibui, ameweka beseni, anamtawadhisha mwanawe. Mikono, uso, kichwa. Akafika mguuni. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali upande wa miguu, na maji hayana njia ila kushuka. Aliyamimina kwenye vidole, yakaingia chini ya bendeji, yakapita kifundoni, yakateremka taratibu mpaka pajani. Na yalikuwa yakitoa mvuke.

"Bi Mize, unafanya nini?"

"Namtawadhisha mwanangu. Wewe mbona hukwenda msikitini?"

"Tangu lini unamtawadhisha?"

"Tangu alipolazwa. Sala zote tano. Alfajiri huwa wa kwanza kupita hapo mlangoni."

"Na maji haya ya moto unayapata wapi?"

"Jikoni kwenu, hayo mnayochemshia sindano. Masafi."

"Lakini kwa nini ya moto, Bi Mize?"

"Mvua ino, mtoto mgonjwa, nimmwagie maji ya baridi? Wewe mamako alikutawadhisha kwa maji ya baridi?"

Nilikuwa na hasira ya siku zote zile. Ilinipanda, na pale ilipotaka kutoka ikamkuta mwanamke mwenye birika. Sherisi ikikauka, maji ya baridi huipata polepole. Maji ya moto huiyeyusha, maana ndivyo inavyopikwa. Mimi nilikuwa naipika jikoni, naye anachukua maji ya jiko lile lile kuja kuipikua mguuni. Kama angempenda kidogo tu, akaleta maji ya kisimani, pengine mguu ungepona.

Makame aliniangalia. "Dresa, n'lidhani ni dawa. Yakipita, mguu unapumua."

Nilimweleza Bi Mize kwamba mwenye bendeji huosha palipo wazi, akapangusa juu ya bendeji kwa mkono wenye maji, akatayamamu kwa sehemu iliyofunikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo fatuwa ya dresa?"

"Ndiyo sheria, Bi Mize."

"Na sherisi gani hiyo isotaka maji ya udhu? N'nayemjua mimi asotaka maji ya udhu ni shetani."

Hapo nikajua nimeshindwa. Ilipofika alasiri wodi nzima ilikuwa na habari kwamba dresa kambandika Makame kwa mifupa ya nguruwe. Wagonjwa wawili waliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na mmoja aliyekuwa hana hata plasta alijikwangua mpaka akatoka damu. Ilibidi aitwe shehe. Alikuja na kilemba chake, akakaa, akataka sherisi iletwe na fundi aletwe.

"Hii imetoka mnyama gani?" akauliza.

"Ng'ombe, shehe," akajibu Fundi Salehe.

"Umemwona?"

"Nimeona picha yake kwenye gunia."

Shehe akairudisha sherisi kwa fundi. Kisha akasema kwamba mguu wa mtu hauchezewi, dharura ina hukumu yake, mgonjwa atapangusa juu ya bendeji na atatayamamu, na akishapona ataoshwa vizuri. Bi Mize akasema, "Tumesikia, shehe wetu," akaweka birika chini. Ni maneno yale yale niliyoyasema mimi, ila mimi sikuwa na kilemba.

Kutayamamu kunataka vumbi, na hospitali kitu tunachojivunia ni kutokuwa na vumbi. Bi Mize alileta sahani ya mchanga safi kutoka Wawi, akaiweka chini ya kitanda. Daktari alipopita aliiona, akaamuru uchafu ule utolewe. Ikatolewa. Kesho yake akaleta nyingine, ikatolewa. Siku ya tatu niliuchukua mchanga ule ule, nikautia kwenye trei ya enameli, nikaufunika kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa, nikauweka juu ya kabati ya dawa pamoja na mkasi. Daktari alifunua akatazama.

"Hii nini?"

"Ya mgonjwa wa mguu, Bwana. Mara tano kwa siku."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaagiza kila mgonjwa aliyevunjika apatiwe yake. Mpaka nastaafu agizo hilo lilikuwa bado linafuatwa, na daktari aliyekuja baada yake alidhani ni elimu ya London.

Sherisi ilishika. Haikuteleza tena mpaka mwisho. Lakini siku zilizokwisha kupotea hazikurudi, mfupa ulikuwa umeanza kushikana pale ulipokuwa. Siku tuliyomfungua Makame daktari alimsimamisha, akaukanda mguu, akasema matokeo ni mazuri sana, akaondoka na haraka yake. Tulibaki watatu. Makame alisimama sakafuni kwa miguu miwili, na bega moja lilikuwa chini ya jingine. Mguu ulikuwa umefupika kwa upana wa dole gumba. Kwa daktari upana wa dole gumba ni ushindi. Makame alipiga hatua, akachechemea, akapiga nyingine, akageuka kutazama dirishani.

Bi Mize alikuwa akitazama ile miguu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni maji yangu?"

"Plasta zilikuwa mbovu, Bi Mize. Tangu mwanzo."

"Hilo sikukuuliza."

Nilikunja bendeji. Niliikunja vizuri, nikaifungua, nikaikunja tena. Vijana wangu, nimewaona watu wengi wakifa mikononi mwangu, na sikuumia kama nilivyoumia siku hiyo ambayo hakufa mtu.

Daktari alimkataza kupanda miti maisha yake yote. Msimu uliobaki Makame alikaa jamvini na wanawake na watoto, akichambua karafuu kwenye vikonyo vyake. Walimtania kwa mapenzi, naye alicheka. Wawi walisema amekuwa mpole. Mimi nilimjua kabla hajawa mpole, sikuupenda upole ule.

Na Serikali nayo ilijifunza. Ripoti ilikwenda Unguja kwamba sherisi imefaa, na jibu likaja kwamba kwa kuwa sasa sherisi ni dawa, iwekwe stoo, chini ya kufuli. Bwana Kassim alikwenda kwa Fundi Salehe akalitungua gunia juu ya meko, akalipanga chini ya mabati. Tambara la mafuta ya taa alilikataa kwa sababu ya hatari ya moto. Tulipoihitaji tena alinifungulia, akanikabidhi gunia kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi. Nililikung'uta, wakatoka mende, wamenona kuliko kuku wa Mzee Feruzi.

Kwa hiyo mnaponiuliza siri ya kazi, nawaambieni hivi. Plasta isimame wima, ifungwe karatasi ya nta, ikae ukuta wa ndani. Ibandike mkononi mwako kabla hujaibandika kwa mgonjwa. Sherisi ining'inie juu ya meko, ipikwe ya leo, isichemke. Iliyoharibika itupe, kisha ndiyo uombe kibali cha kuitupa. Na mgonjwa anapolazwa, kabla hujamuuliza anaumwa wapi, muulize mama yake atamfanyia nini sisi tukiwa msikitini.

Msimu wa pili nilipita Wawi kumfunga mtu kidonda. Nilikatisha katikati ya mashamba, mvua imeanuka, watu wako juu ya miti wanaimbiana. Chini ya mkarafuu mmoja nilimwona Bi Mize ameinama, anaokota vikonyo vilivyoanguka. Nikamwamkia, akaitikia bila ya kuinua uso.

"Makame hajambo?"

"Hajambo. Muulize mwenyewe."

Nikatazama huku na huku. Sauti ikatoka juu kabisa, kwenye matawi membamba ambako hata watoto huogopa. "Dresa! Kwema huko?"

Niliinua kichwa mpaka kofia ikaanguka. Alikuwa akitoka tawi hadi tawi, mkono huku, goti kule, kikapu kinamfuata, na wala hukujua mguu upi ni upi.

"Nani kakuruhusu?" nikamwambia. "Daktari alisema nini?"

"Daktari hapiti Wawi."

"Bi Mize, na wewe unamtazama tu?"

"Mimi simtazami," akasema Bi Mize, na kweli hakutazama. "Nimeshamwambia. Mwambie wewe mwenye dawa."

"Shuka, Makame," nikasema. "Nakwambia shuka."

Karafuu chache zikanidondokea begani. Yeye alikuwa amekwisha kushika tawi jingine.

"Nishuke nikafanye nini, dresa? Huko chini ndiko ninakochechemea."